Pipa Jipya la Gundi

Jumatatu, 4 Machi

Nukta,

Salamu. Sisi huku wazima, ila mama yako goti linamsumbua na mimi kichwa. Tulikubaliana tukiwa na jambo tuandikiane, maana simu zetu zote huishia kwa mmoja wetu kukata. Basi leo kuna jambo, tena mawili.

La kwanza. Mkurugenzi ameniita. Ametoka kwenye kikao na wenye kampuni, wamemwambia vitengo viwili vya ubora ni anasa, kimoja kinatosha. Ama kibaki chako cha huko kiwanda cha zamani, kinachopima dripu kila saa na kuchora chati, ama hiki changu cha huku tawini, kinachokaa na watu kuulizana ni kitu gani kinaweza kuharibika kabla hakijaharibika, na kujaza majibu kwenye jedwali. Anataka ripoti moja ya kulinganisha njia hizi mbili, tuiandike mimi na wewe. "Ninyi ni mke na mume," akasema, "mtaelewana upesi." Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba tangu mwaka jana kila mmoja ana kitanda chake, tena mji wake. Hata mama yako anajua, na ndiyo maana yuko kwangu mimi mkeo. Anasema kwako chakula hakiliki.

La pili ndilo linaloninyima raha. Hospitali moja imelalamika kwamba mipira ya dripu zetu inachomoka pale inapoungana na kile kikombe cha kudondoshea dawa. Muuguzi alifunua shuka akakuta limelowa damu na maji. Mgonjwa yuko hai. Alama kwenye pakiti zinaonyesha zilitoka kwako, Februari. Naomba chati za nguvu ya kiungo za mwezi huo wote. Nitumie mapema, tafadhali. Nimechoka kukuomba vitu mara mbili mbili.

Jedwali


Jumatatu, 11 Machi

Jedwali,

Barua yako imefika, ikakaa mezani nikiiangalia tu kabla ya kuifungua. Siku hizi hata bahasha naiona nzito. Mwambie mama asikalie kile kigoda kifupi, ndicho kinachomwua goti.

Kuhusu ripoti, upande wa chati andika hivi, ni maneno yangu. Kila saa unachukua dripu tano kutoka kwenye mashine. Unazivuta moja moja mpaka kiungo kiachie, unaandika nguvu iliyotumika, unatafuta wastani, unaweka nukta. Hakuna mashine inayotoa kitu kile kile siku zote. Nukta lazima zicheze, mara juu ya mstari wa kati, mara chini, kama kifua cha mtu aliyelala. Mipaka ya juu na ya chini haipangi bosi wala mteja. Inatokana na mashine yenyewe, jinsi inavyocheza ikiwa nzima. Kazi ya mwenye chati ni kutofautisha kucheza kwa afya na kucheza kwa ugonjwa. Ukiikimbilia mashine na spana kila inapocheza utaiharibu. Ukiiacha siku inayougua, umekwisha.

Andika pia kwamba chati haihitaji kikao. Haina mkubwa wala mdogo, haiogopi mtu. Lile jedwali lako linajazwa na watu wenye njaa wanaotaka kwenda nyumbani.

Chati za Februari utazipata. Kuna mambo ya ofisini hayajakaa sawa. Nivumilie.

Nukta


Ijumaa, 15 Machi

Nukta,

Nikuvumilie mpaka lini? Mkurugenzi kanipita kwenye ngazi leo, hakuuliza kitu, kanitazama tu. Mambo gani ya ofisini? Kabati lako liko nyuma ya kiti chako. Geuka, fungua, toa.

Umesema kweli, watu wangu wana njaa. Nitakwambia tulivyofanya Jumanne ili usiseme naficha. Tulikaa fundi wa mashine, mtunza ghala, mama wa kufungasha na wengine. Nikasoma kila hatua ya kutengeneza dripu, nikauliza: hapa kinaweza kwenda vibaya nini? Kikienda vibaya, mgonjwa anapata nini? Kinasababishwa na nini? Na sisi tutajuaje kabla dripu haijatoka nje ya geti? Kila jambo tunalipa alama tatu, ya uzito wa madhara, ya uwezekano wa kutokea, na ya ugumu wa kuligundua. Tunazizidisha. Linalotoka na namba kubwa ndilo tunalishughulikia kwanza.

Tukafika kwenye "gundi kubadilika". Madhara tulikubaliana bila ubishi, mtu anaweza kufa. Tukaja kwenye uwezekano. Mtunza ghala akasema nane, fundi akasema mbili, wakaanza kutukanana mambo ya zamani, mwishowe tukaandika nne ili twende tukale. Ndiyo, nne ya njaa. Unajua ile namba ya kweli iko wapi? Iko kwenye chati zako. Nimekaa huku nabuni kitu ambacho wewe unacho kabatini.

Lakini wewe ndivyo ulivyo. Nyumbani nilikuwa nakwambia sina raha, unanijibu, "Mbona jana ulicheka?" Kwako kilio kimoja ni kucheza kwa kawaida. Ulikuwa unangoja nukta itoke nje ya mpaka ndipo uamini. Ilipotoka mimi nilikuwa nimeshafunga sanduku.

Tuma chati.

Jedwali


Jumatano, 20 Machi

Jedwali,

Sawa. Kama tumefika huko, twende.

Na mimi miaka yote ile niliishi nikiwa mstari wa kwanza kwenye jedwali lako. Nikichelewa kurudi, nimegongwa na gari. Nikikohoa, ni mapafu. Niliposema nataka kufungua karakana yangu ya kutengeneza mizani ulinitajia njia zote za kufilisika kabla sijavua viatu. Ulikuwa unaniadhibu kwa makosa ambayo sijayafanya, na mengine wala nisingeyafanya. Huwezi kuishi na mtu anayekulilia ungali hai.

Kuhusu gundi. Katikati ya Februari tulifungua pipa jipya, la muuzaji mwingine, wa bei nafuu. Tangu saa ile nukta zikakaa chini ya mstari wa kati. Zote zimo ndani ya mipaka, hakuna iliyotoka, lakini hakuna hata moja iliyorudi juu. Nane mfululizo upande mmoja, halafu zikaendelea. Hiyo si bahati mbaya, hapo kuna kitu kimebadilika. Nilimwambia meneja wa uzalishaji. Akaniambia, "Zimo ndani ya mipaka, sasa unataka nini?" Hiyo ndiyo habari ya Februari, naikumbuka bila karatasi.

Chati zenyewe sina hapa. Waulize waliopo.

Na usinifundishe kufungua kabati.

Nukta


Jumanne, 26 Machi

Mkwe wangu mpenzi,

Nimefika salama. Ile chupa ya dawa ya kuchua imemwagika kwenye begi, sasa nguo zangu zote zinanuka kama wodi.

Nilikuaga nakwenda kumwona mwanangu siku mbili tatu. Nitakaa zaidi. Ngoja nikwambie nilichokikuta, nawe ukae kwanza.

Nilifika siku ya kazi, jua limeshapanda. Nikajua nitakaa barazani nimsubiri mpaka jioni. Naona mlango umefungwa kwa ndani. Nabisha, anafungua yeye mwenyewe, ndevu hizi! Amevaa shati la kazini, limepigwa pasi vizuri, chini kavaa kaptura ya kulalia. Nikamwuliza, "Leo sikukuu?" Akasema yuko likizo. Nikamwambia, "Likizo ya ndevu namna hii hutolewa na hospitali ya vichaa." Akacheka, halafu yule mtoto akakaa chini pale pale mlangoni akafunika uso. Mwanamume mzima ana mvi.

Hana kazi, mwanangu. Tangu mwisho wa Februari. Kuna gundi aliilalamikia, wakubwa wakampuuza, basi siku moja akaenda mwenyewe akabonyeza kile kitufe chekundu, mashine zikazimika, watu wakakaa bure mpaka jioni na mzigo wa mteja ukachelewa. Kesho yake wakamwambia arudishe kitambulisho. Mashine wakaiwasha. Chati zake zote zimebaki huko, haruhusiwi hata kufika getini.

Nikamwuliza kwa nini hukumwambia mkeo. Akasema, "Alishaniambia zamani kwamba nitafukuzwa kazi kwa ajili ya nukta. Sitaki kuona uso wake akijua alikuwa sahihi." Nikamwambia uso wa mtu hauonekani kwenye barua, mpumbavu wee.

Sasa nakwambia mimi, na wewe usiseme ni mimi. Ingawa atajua, maana humu tuko wawili, na paka ni wa jirani.

Mimi sirudi huko kwanza. Huyu anahitaji mtu wa kumfokea. Wewe kula, najua nisipokuwepo unakunywa chai tu.

Mama yenu


Jumanne, 2 Aprili

Nukta,

Sitasema nimejuaje.

Nimeisoma upya barua yako ya tarehe ishirini. Mara ya kwanza nilifika pale pa kumlilia mtu angali hai, kuanzia hapo nikawa napitisha macho tu. Lile pipa jipya niliona unajigamba, kwamba hata bila karatasi unakumbuka. Nikaikunja nikaitia mkobani. Mama alipoandika (basi, nimesema), nikaitoa nikaisoma kama ripoti ya mtu nisiyemjua. Ndipo nilipoona ulikuwa umeniambia kila kitu.

Ijumaa asubuhi nilikwenda ghalani, nikachukua pakiti za Februari, za kabla ya pipa na za baada yake. Nikamwomba fundi wa kwenu anitumie viungo vibichi, ambavyo havijapita kwenye chumba cha kuua vijidudu, navyo vikafika jioni. Vibichi vya pipa jipya vinashika. Vina udhaifu kidogo, kama chati yako ilivyosema, lakini vinapita. Nikachukua vilivyokwisha kupita kwenye kile chumba, vikapata lile joto na unyevu. Vilichomoka mkononi, Nukta. Nilikuwa hata sijavuta.

Wewe ulikuwa unapima kabla ya chumba. Na sisi kwenye jedwali tuna mstari unaosema "joto kulegeza kiungo", wa tangu mwaka jana. Tuliupa mbili, kwa sababu haijawahi kutokea. Ulikuwa na ishara, hukujua itamfikia nani. Mimi nilijua itamfikia nani, sikujua kama imeshaanza.

Sikungoja ripoti. Nilipanda kwa mkurugenzi nikaweka viungo mezani kwake, nikamwambia avute mwenyewe. Meneja wa uzalishaji alikuwa kwenye simu anasema zimo ndani ya mipaka; ndipo na mkurugenzi alipojua kwamba alikufukuza bila kumwambia. Nikasema kama mzigo haurudi leo, kesho naandika wizarani kwa jina langu. Mzigo ukaanza kurudi usiku huo huo.

Lakini lori halikuwahi hospitali ya pili. Jumamosi mwanamke mmoja aliyetoka kufanyiwa upasuaji alikutwa mpira umechomoka. Amefariki. Madaktari wanasema alikuwa na hali mbaya tangu mwanzo, huenda asingepona. Huenda. Nimeulizia mara tatu, kila mtu ananipa neno hilo hilo.

Barua yako ilikaa mkobani mwangu wiki nzima. Nilikuwa natembea nayo kwenda kazini.

Kwa nini hukuniambia umefukuzwa?

Jedwali


Jumapili, 7 Aprili

Jedwali,

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama, nikashindwa kukaa. Mama akaichukua mkononi mwangu akaisoma. Tangu hapo hajanifokea, na hilo linanitisha kuliko kufokewa.

Umeuliza kwa nini. Ningekuandikia kwenye barua ya kwanza, "Nimefukuzwa kwa sababu ya gundi ya pipa jipya," ungekwenda ghalani siku ile ile. Nakujua, usingemaliza hata chai. Badala yake nikakuandikia habari za kifua cha mtu aliyelala, maneno mazuri, nikijifanya bado nina meza. Niliona aibu. Nimetafuta sababu nyingine kubwa zaidi ya hiyo, sijaipata.

Kwa hiyo mkoba wako usiulaumu peke yake. Sitaki tugawane hili kama vyombo vya nyumbani, hiki chako, hiki changu. Na wala sitaki tuambiane maneno ya kufarijiana. Nimechoka, wewe umechoka, yule mwanamke hayupo.

Nilipobonyeza kile kitufe nilidhani nimemaliza kazi. Chati ilisema simama, nikasimamisha. Walipoiwasha tena nikasema moyoni, basi, mimi nimefanya langu. Sikujiuliza hata mara moja dripu zilizokwisha kutoka ziko wapi na nani amelala chini yake. Wewe ungejiuliza. Ungekuwepo pale ungeniudhi, ungeniuliza, "Na zile za jana?" mpaka nikupigie kelele.

Ripoti iandike wewe. Upande wangu weka haya tu: chati inakwambia kuna kitu kimebadilika, haikwambii ni kitu gani wala kitamwumiza nani. Na waambie wasipime kiungo kibichi. Wapime kilichotoka kwenye joto, maana hicho ndicho kinachokwenda kwa mgonjwa. Ningelijua hilo kama ningewahi kukaa hata mara moja kwenye vikao vyako vya njaa.

Nukta


Ijumaa, 19 Aprili

Nukta,

Ripoti nimeipeleka, ina majina yetu mawili. Mkurugenzi akaniuliza, "Na huyu?" Nikamwambia nusu ya yaliyomo ni yake, asiponiamini afute kurasa zake aone kitabaki nini. Aliziacha.

Niliandika kwamba swali la ni kipi kibaki ni swali baya. Jedwali linamwambia mwenye chati apime wapi na kwa sababu gani. Chati inamwambia mwenye jedwali zile alama zake ni za kweli au za njaa. Ukiviweka miji miwili, na walio navyo hawasemezani, yatatokea yaliyotokea. Sikuandika kwamba hawasemezani kwa sababu ni mke na mume.

Wameamua kiwe kitengo kimoja, kikae huko kiwanda cha zamani, nikiongoze mimi. Meneja wa uzalishaji amehamishiwa mauzo, na mshahara wake umepanda. Nilisema sitakuja bila wewe. Wakasema mtu aliyesimamisha mashine bila kibali akirudishwa, kila mtu atasimamisha. Nikasema basi natoka. Nikaenda nyumbani, nikakaa kitandani na viatu, nikafikiri nikikataa watamweka nani. Jumatatu nikarudi nikakubali. Nilipata kitu kimoja tu: sasa imeandikwa kwamba mwenye chati akiona ugonjwa anaruhusiwa kubonyeza kitufe bila kumwuliza mtu. Wewe uliyekibonyeza kabla hutakuwa pale. Nilijiona mdogo nilipotia sahihi.

Nilikwenda pia kwa mume wa yule mwanamke. Kampuni ilinikataza. Ana nyumba ya vyumba viwili, nguo za mkewe bado ziko kwenye kamba. Alinitolea kiti, yeye akasimama. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka, nikamweleza tu habari ya gundi tangu mwanzo. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza, "Kwa hiyo mlijua?"

Nikamwambia, "Mmoja wetu alijua sehemu yake. Mwingine alijua sehemu nyingine. Hatukuwa tunaongea."

Akatazama kamba ya nguo. Halafu akauliza kama nitakunywa maji. Nikanywa. Sikujua la kufanya zaidi ya kunywa. Nimemwachia nakala ya ripoti, kama atataka kuipeleka kwa wanasheria. Mkurugenzi akijua na mimi nitarudisha kitambulisho.

Naanza kazi huko Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa. Nitatafuta nyumba ya wageni karibu na kiwanda, ukiijua yoyote isiyo na kelele niambie.

Jedwali


Jumatano, 24 Aprili

Jedwali,

Ulifanya vizuri kukubali. Nasema hivi baada ya kukasirika siku nzima, mama shahidi.

Mimi nimepata kibarua cha kukagua mizani ya wafanyabiashara. Nazunguka na mawe ya kupimia, wananichukia kila duka, nalala vizuri kidogo.

Sasa sikiliza. Mashine ya pili ikiwa baridi asubuhi, usiiamini nukta ya kwanza, ingoje ipate moto. Yule dada anayevuta viungo zamu ya mchana ana mkono mzito, namba zake huwa chini kidogo ya za wenzake, usije ukasimamisha kiwanda kwa ajili yake. Fundi mkuu akisema "hakuna tatizo" mwangalie miguuni. Akiwa anarudi nyuma, tatizo lipo. Hayo hayamo kwenye chati yoyote, na sikuwahi kumwambia mtu.

Nimekwenda na mimi kwa yule mume. Nilimwambia ndimi niliyejua ile sehemu ya kwanza. Hakunipa kiti. Tulisimama barazani muda mrefu, akaniomba nimweleze tena, polepole, nikamweleza. Alisema nirudi siku nyingine, kuna maswali hajayapanga. Nitarudi. Kama utataka, twende wote.

Nyumba za wageni karibu na kiwanda zote zina kelele. Sisemi turudiane. Hilo ni neno kubwa, mimi sina nguvu ya kulibeba saa hii, na wewe ungelichambua mpaka lianze kunuka. Nasema tu kwamba kutoka hapa hadi getini ni mwendo wa miguu, na chumba cha mama kina vitanda viwili.

Anakoroma, unamjua. Njoo na mto wako. Hapa ipo miwili tu, na yote ameiweka chini ya goti.

Nukta